Sauti ya kompyuta ikikimbia au ikijikokota: urekebishe kifaa, lebo ya faili, au kasi?

Rekodi inapocheza mbio kuliko ilivyorekodiwa, au inapojikokota kama redio kaseti iliyoishiwa betri, utapewa dawa nyingi, na karibu kila moja italeta badiliko fulani. Shida inaanzia hapo. Programu moja ya kuhariri sauti ina amri nne zinazoonekana kugusa kasi. Mbili kati ya hizo unaweza kuzichezea mpaka urefu wa faili ukawa sawasawa au namba zikapendeza, kumbe aliyekuwa akizungumza bado ana sauti isiyo yake. Hapa chini nazilinganisha dawa hizo, lakini huwezi kuchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa, kwa hiyo tuanze na maswali mawili.

Ni kasi peke yake, au na wembamba wa sauti?

Msikilize mtu unayemfahamu akizungumza ndani ya rekodi. Akizungumza haraka na sauti yake imekuwa nyembamba, au akizungumza polepole na sauti imekuwa nene, kasi na kidatu (wembamba au unene wa sauti) vimehama pamoja. Katika hali hiyo sampuli zenyewe, yaani vipimo vidogo vya sauti ambavyo kompyuta huhifadhi kwa maelfu kila sekunde, kwa kawaida ni nzima, ila zinatolewa kwa mwendo usio wake. Hii ndiyo hitilafu halisi ya kasi, na sehemu kubwa ya makala hii inaihusu.

Akizungumza haraka lakini sauti ni yake ileile, usiguse draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti. Kuna mahali programu imeambiwa iongeze kasi, nayo inatii huku ikilinda kidatu. VLC hufanya hivyo ukigusa vitufe vya mabano ya mraba bila kukusudia, na kitufe cha alama ya = huirudisha kwenye mwendo wa kawaida. Video za kwenye kivinjari nazo huweza kubaki na kasi uliyoichagua kwa video iliyotangulia. Wapo waliosakinisha upya mfumo mzima kwa sababu ya kitufe kimoja, basi angalia hapo kwanza.

Kuna dalili mbili nyingine zinazofanana na hitilafu ya kasi lakini si yenyewe. Ya kwanza ni sauti inayokatikakatika na kukwaruza huku muda ukirefuka: hiyo ni kompyuta iliyolemewa, inayoshindwa kujaza akiba ya sauti kwa wakati. Hutokea sana ndani ya kompyuta pepe, na dawa yake ni kuongeza ukubwa wa akiba hiyo au kufunga programu nyingine. Ya pili ni MP3 ambayo programu inadai ina dakika saba, kisha inaisha baada ya dakika nne ikiwa imecheza vizuri kabisa. Hapo kasi haina kosa lolote. Programu imekadiria urefu vibaya, kwa sababu faili limebanwa kwa kiwango kinachobadilikabadilika na halina kumbukumbu ya urefu wake mwanzoni.

Ni faili moja au ni kila kitu?

Cheza faili jingine unaloliamini. Kisha chukua lile lenye tatizo ulicheze kwenye simu au kwenye kompyuta nyingine. Faili moja likiwa na kasi mbaya kila mahali, kosa limo ndani ya faili. Mafaili yote yakiwa mabaya kwenye kompyuta moja tu, kosa limo kwenye kifaa, draiva au mipangilio. Yakiwa mabaya ndani ya programu moja tu, mlaumu mwenye kosa na usiguse mfumo. Jaribio hili ni la dakika mbili, na linakuzuia kuharibu mafaili mazima kwa kuyatibu maradhi ya kadi ya sauti.

Pima, usikadirie

Sikio linajua kwamba kuna kasoro, halijui ni ya kiasi gani. Kwa kifaa, tengeneza toni ya sekunde 60; kwenye Audacity iko katika menyu ya Generate, amri ya Tone. Icheze huku ukipima kwa saa ya simu. Kwa faili, linganisha urefu wake na muda halisi wa tukio lililorekodiwa, au tafuta ndani yake kitu ambacho muda wake unaujua. Kisha tazama jedwali hili; namba kama 44,100 ni idadi ya sampuli kwa sekunde, nayo ndiyo kiwango cha sauti.

| Sekunde 60 za kweli zinachukua | Inaelekea kilichotokea ni |
|---|---|
| 55.1 | Sauti ya Hz 44,100 inachezwa kama ya 48,000 |
| 65.3 | Sauti ya 48,000 inachezwa kama ya 44,100 |
| 57.6 | Filamu ya picha 24 kwa sekunde imeharakishwa hadi 25 |
| 40 | 32,000 inachezwa kama 48,000 |
| 30 | 22,050 kama 44,100, au 24,000 kama 48,000, au mono (mkondo mmoja) imesomwa kama stereo (mikondo miwili) |
| 20 | 16,000 inachezwa kama 48,000 |
| 120 | 44,100 kama 22,050, au stereo imesomwa kama mono |

Mistari miwili ya juu ndiyo wakorofi wakubwa. Dunia ya sauti ya kidijitali ina familia mbili zisizogawanyika vizuri. Hz 44,100 ilikuja na diski za CD, ambazo kanuni zake Sony na Philips walizichapisha mwaka 1980. Namba hiyo inayoonekana ya ajabu ilitokana na mashine za video zilizokuwa zikihifadhi sauti ya kidijitali wakati huo: sampuli tatu kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde; au kwa mfumo mwingine wa televisheni, mistari 294 mara 50. Zote mbili zinatoa 44,100 kamili. Hz 48,000 nayo ni ya video, DVD na vifaa vya studio. Uwiano kati yao ni 160 kwa 147, yaani 1.0884 na kuendelea. Kwa sikio hiyo ni semitoni 1.47 (semitoni ni hatua moja ndogo kabisa ya kinanda): si kubwa kiasi cha kuchekesha, lakini inatosha mtu kuuliza, "Huyu ana mafua?" Ndiyo maana hitilafu hii huweza kupita kazi nzima bila kugunduliwa mpaka picha na midomo vikaachana.

Kama huna muda wa kulinganisha nao, tafuta mvumo wa umeme. Rekodi nyingi zilizofanyika ndani ya nyumba zina mvumo hafifu wa Hz 50, au Hz 60 katika nchi kama Marekani. Fungua mchoro wa masafa katika programu ya kuhariri: kilele kilichopaswa kuwa 50 kikiwa karibu na 54.4, rekodi inacheza mbio kwa uwiano ule wa 160/147. Kikiwa karibu na 45.9, inajikokota. Kipimo hiki ninakipenda kwa sababu hakimtegemei mzungumzaji wala kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kutibu kifaa au kutibu faili

Windows, macOS na Linux zote zinajua kubadilisha sampuli kimyakimya. Unaweza kucheza faili la 44,100 kwenye kadi iliyowekwa 48,000 na usisikie tofauti, kwa kuwa mfumo unafanya hesabu katikati. Kwa hiyo kutofautiana kwa namba peke yake si kosa. Kosa hutokea pale ambapo mmoja katika mnyororo, awe programu, draiva au kifaa, anatangaza kiwango kimoja huku akifanya kingine. Kazi yako ni kumtafuta huyo mwongo.

Kwenye Windows, andika mmsys.cpl katika kisanduku cha kuendesha amri. Kwenye sifa za kifaa, kichupo cha Advanced, utaona kiwango kilichochaguliwa. Weka spika na maikrofoni kwenye namba moja, kisha ondoa ruhusa ya programu kukimiliki kifaa peke yake, maana programu inayokimiliki inaruka ile hesabu ya katikati. Zima pia viongeza sauti vya mtengenezaji wa kadi. Mara nyingi hivyo vinatosha.

Kwenye macOS pa kwenda ni mahali pamoja tu: programu ya Audio MIDI Setup. Hapo utaona kiwango cha kila kifaa na chanzo cha saa yake.

Linux inataka maneno machache zaidi, lakini inakulipa kwa kukuonyesha ukweli. Wakati sauti inacheza, fungua /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params usome kiwango ambacho kadi imefunguliwa nacho. Namba za kadi na kifaa zinaweza kuwa tofauti kwako. PipeWire, mojawapo ya programu zinazogawa sauti kwenye Linux, kwa kawaida huendesha saa yake kwa 48,000, na pw-top inaonyesha kila programu inatumia kiwango gani. PulseAudio, yenye kazi hiyohiyo, huanza na 44,100 na kuweka 48,000 kama mbadala, na zote mbili unazibadilisha katika daemon.conf. Kompyuta za zamani zenye chipu za AC'97 zilikuwa na ugonjwa wao: draiva ya snd-intel8x0 hupima yenyewe saa ya chipu inapoanza, na ikipima vibaya kila sauti inatoka na kasi isiyo yake mpaka uwashe upya. Draiva hiyo ina chaguo la ac97_clock ili uiwekee namba mwenyewe badala ya kuiacha ikisie.

Kadi za nje za kurekodia zina kosa lao la kawaida, nalo ni saa. Kadi ikiwekwa ifuate saa ya kifaa kingine kupitia waya wa kidijitali, na kifaa hicho kiko 48,000 wakati programu inaamini ni 44,100, kila kitu kitaenda mbio na hakuna mpangilio wa programu utakaokusaidia. Rudisha saa iwe ya ndani, usikilize tena.

Vipokea sauti vya Bluetooth vyenye maikrofoni navyo vinahitaji kutajwa. Maikrofoni yake ikiwashwa, kifaa kinahamia hali ya simu, ambayo sampuli zake ni 16,000 au hata 8,000 kwa sekunde. Programu nzuri huligundua badiliko hilo. Programu iliyofungua mlango kwa 48,000 na kuendelea kuamini hivyo itakuandikia rekodi inayokwenda mara tatu ya mwendo wake. Kati ya kuhangaika na mipangilio na kutumia maikrofoni nyingine yenye waya, mimi ningechagua waya bila kufikiri mara mbili.

Chagua kutibu kifaa kila unapoona mafaili yote yameathirika, hata kama una haraka na faili moja tu. Ukilirekebisha faili ili lisikike sawa kwenye kifaa kibovu, umelipotosha kwa wasikilizaji wengine wote.

Dawa nne za faili

Sasa tuseme kifaa ni kizima na faili ndilo lenye kosa. Amri nne zifuatazo hukaa karibu karibu kwenye menyu, na majina yake hayasaidii sana kuzitofautisha.

*Kubadili lebo.* Faili la sauti hubeba sampuli na lebo mwanzoni inayosema zichezwe ngapi kwa sekunde. Katika WAV ya kawaida lebo hiyo imeandikwa baiti ya 24 hadi ya 27 ukihesabu kuanzia sifuri: 44,100 ni 44 AC 00 00 na 48,000 ni 80 BB 00 00. Ukibadili lebo, hakuna sampuli inayoguswa. Kasi na kidatu vinarudi pamoja, na ubora haupotei hata chembe. Kama rekodi ilifanywa kwa 48,000 ikabandikwa 44,100, hii ndiyo dawa, na hakuna nyingine inayoifikia. Mpaka wake uko kwenye miundo iliyobanwa. MP3 huandika kiwango ndani ya kila fremu (kipande kifupi cha sauti iliyobanwa), na kusoma kwa fremu hiyo kunakitegemea, kwa hiyo huwezi kubadili namba tu. Itabidi uifungue iwe WAV, urekebishe, kisha uibane upya ukipenda.

*Kuchukua sampuli upya.* Hii inafanya kinyume: inabadili lebo na sampuli zote kwa pamoja ili sauti isikike vilevile ilivyokuwa. Ni amri njema unapohitaji faili la 44,100 liwe 48,000 kwa ajili ya video. Lakini ikipewa rekodi inayokimbia, itakuletea rekodi inayokimbia vilevile, kwa uaminifu mkubwa, ikiwa na namba mpya. Hili ndilo kosa ninaloliona likishauriwa kuliko yote: "badilisha iwe 48,000", bila kusema kubadilisha kwa namna gani. Ukiitumia na ukasikia hakuna tofauti, programu imefanya kazi yake. Wewe ndiye uliyemwomba mtu asiyehusika.

*Kubadili kasi pamoja na kidatu.* Matokeo yake kwa sikio ni sawa na ya lebo, ila sampuli zinahesabiwa upya na kiwango cha faili kinabaki kilivyokuwa. Ubora unaopotea ni mdogo mno kwa programu za leo. Ichague pale uwiano usipokuwa wa viwango vinavyojulikana: kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine iliyokuwa inalegea, au sahani ya santuri ya mizunguko 33⅓ iliyoingizwa kwenye kompyuta kwa 45, ambayo uwiano wake ni 1.35. Ichague pia ukitaka kubadili kipande tu katikati ya rekodi, kwa sababu lebo ni moja kwa faili zima.

*Kunyoosha muda bila kugusa kidatu.* Programu inaikata sauti vipande vidogo, inavipishanisha au kuviachanisha, kisha inaviunga. Ni hesabu ya kubahatisha kwa asili yake. Ngoma hupoteza mpigo wake mkali, sauti ya mtu hupata mwangwi wa bati, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyosikika. Kwa hitilafu ya kiwango cha sampuli hii ni dawa mbaya. Chukua rekodi inayokimbia kwa 160/147, inyooshe mpaka muda uwe sawa: dakika zitatimia, picha na midomo vitakutana, na mzungumzaji atabaki na sauti nyembamba kwa semitoni moja na nusu. Kisha mtu mwingine ataona wembamba huo na kuweka amri ya kushusha kidatu juu yake, na sasa una madhara mawili pale palipohitaji namba moja ya kubadilishwa.

Kunyoosha kuna mahali pake halali. Ni pale ambapo kasi iliongezwa zamani huku kidatu kikilindwa, na unataka kurudi. Au unapopunguza mwendo wa mahojiano ili uyaandike. Nje ya hapo, iache.

Ukilazimika kuchagua bila kujua chochote zaidi, jibu linatoka kwenye swali la kwanza kabisa. Kasi na kidatu vimehama pamoja: lebo kwanza, na kama uwiano ni wa ajabu, kasi. Kasi peke yake imehama: angalia programu ya kuchezea, kisha kunyoosha. Kuchukua sampuli upya hakutibu kasi kamwe, ni hatua ya mwisho ya kulifungasha faili.

Mafaili yasiyo na lebo kabisa

Sauti ghafi, ile ya mafaili yenye kiambishi .raw au .pcm, haina lebo. Programu itakuuliza kila kitu: kiwango, mikondo mingapi, biti ngapi. Hapa makosa yanajitambulisha yenyewe. Mono ikisomwa kama stereo, sampuli moja inakwenda kushoto na inayofuata kulia, rekodi inaisha nusu ya muda na kidatu kinapanda oktavu nzima. Stereo ikisomwa kama mono, inajikokota kwa nusu ya mwendo. Ukisikia makelele mazito yanayofunika sauti yote, umekosea biti, si kiwango. Kasi utaishughulikia baadaye.

AAC ya kubanwa sana, ile inayotumiwa na redio nyingi za intaneti, ina ukoo na tatizo hili. Hubeba sauti ya msingi kwa nusu ya kiwango, mathalani 22,050, na maelezo ya ziada ya kuijenga upya masafa ya juu hadi 44,100. Kifaa kisichoyaelewa maelezo hayo kinaweza kuchanganya kiwango kipi ni cha kweli, na ndipo unapopata mara mbili au nusu. Usilitibu faili la namna hiyo kabla ya kulijaribu kwenye programu ya kisasa.

Audacity, FFmpeg au SoX?

Zote tatu ni za bure na zote zinaweza dawa zote nne. Tofauti ni jinsi zinavyokulinda usichanganye.

Audacity inafaa kwa faili moja unalotaka kulisikiliza ukiwa unarekebisha. Kubadili lebo kuko kwenye menyu ndogo ya wimbo wenyewe, chini ya Rate: chagua 48,000 na utasikia mwendo unabadilika hapohapo. Kuchukua sampuli upya kuko kwenye menyu ya Tracks, jina lake Resample. Kubadili kasi ni Change Speed and Pitch, ambayo matoleo ya zamani huiita Change Speed tu. Kunyoosha ni Change Tempo. Jambo moja la kuangalia: unapohifadhi, chagua kiwango kilekile ulichoweka kwenye wimbo, la sivyo programu itachukua sampuli upya mlangoni. Sauti itakuwa sahihi, ila ile faida ya kutogusa sampuli itakuwa imepotea bure.

FFmpeg ni ya mtu mwenye mafaili mengi au mwenye video. Kabla ya yote, ffprobe, programu ndogo inayokuja nayo, itakuambia lebo inasema nini. Kubadili lebo:

`ffmpeg -i mbovu.wav -af asetrate=48000 nzuri.wav`

Ukitaka matokeo yabaki 44,100, ongeza aresample=44100 baada ya koma. Mtego wake mkubwa ni chaguo la -ar. Likiwekwa mbele ya faili la kutoka, linachukua sampuli upya, na kasi mbaya inabaki. Likiwekwa kabla ya faili la kuingia, linafanya kazi kwa sauti ghafi tu. Kunyoosha ni atempo.

SoX ndiyo ninayoichagua kwa kazi hii hasa, kwa kuwa waandishi wake waliifikiria hitilafu hii: chaguo la -r likitangulia faili la WAV linaipuuza lebo iliyopo na kuweka yako.

`sox -r 48000 mbovu.wav nzuri.wav`

Hapo kuna speed kwa kasi na kidatu, tempo kwa kunyoosha, rate kwa kuchukua sampuli upya, na pitch kwa kidatu. Kila neno kazi moja. Ukinyoosha mazungumzo, tempo -s imewekwa kwa ajili ya sauti ya mtu.

Popote unapoandika uwiano kwa mkono, usiufupishe. Ukitumia 1.09 badala ya 160/147, rekodi ya saa moja itakukosea kwa sekunde tano na ushee. Lebo haina tatizo hilo, na ni sababu nyingine ya kuipenda.

Kwenye video: ile inayoachana kidogo kidogo

Video huleta aina ya pili ya tatizo. Mwanzo picha na sauti viko pamoja, na kadiri dakika zinavyokwenda ndivyo vinavyoachana. Pima umbali baada ya saa moja, maana ukubwa wake ndio unaotofautisha chanzo.

Takriban dakika tano kwa saa: ni 160/147, rudi juu kwenye lebo. Takriban dakika mbili na nusu: filamu ya picha 24 imechezwa kwa 25 ili ifae televisheni ya Hz 50, tofauti ya asilimia 4.17 na semitoni 0.7. Hapo sikiliza kidatu kabla ya kuchagua, kwa sababu wasambazaji wengine hukirekebisha na wengine hawakirekebishi. Kikiwa kimerekebishwa, kunyoosha ndiko kunakorudisha hali ya awali, na kisiporekebishwa, tumia kasi. Sekunde 3.6 kwa saa: ni sehemu moja kwa elfu, alama ya mtu aliyechanganya picha 30 na 29.97 kwa sekunde.

Ikiwa ni chini ya nusu sekunde kwa saa, hakuna aliyekosea. Kamera ina fuwele yake inayopiga mapigo ya saa na kinasa sauti kina yake, na hazilingani kikamilifu. Mbili hizo zikitofautiana kwa sehemu 100 kwa milioni, saa moja inatoa sekunde 0.36, yaani picha tisa kwenye video ya picha 25. Wahariri wengi hukimbilia kunyoosha hapa, wakihofia kidatu. Hofu haina msingi: badiliko la kidatu kwa kiasi hicho ni chini ya mia moja ya semitoni, hakuna sikio litakalolisikia, wakati kunyoosha kunaacha alama zake hata kwa asilimia ndogo. Tumia kasi, kwa uwiano uliopimwa kati ya kofi lililopigwa mbele ya kamera mwanzoni mwa rekodi na jingine lililopigwa mwishoni. Kwa mahojiano yenye vituo virefu kuna njia rahisi zaidi: kata sauti kwenye kila kituo kila baada ya dakika kumi hivi na usogeze kila kipande kwa picha moja au mbili. Kwa muziki unaoendelea bila kupumua kukata hakuwezekani, na kasi ndiyo inayobaki.

Ukirekodi kwa kadi mbili kwa wakati mmoja kwenye macOS, kifaa cha pamoja unachokitengeneza katika Audio MIDI Setup kina kisanduku cha Drift Correction. Kiweke alama kwa kadi isiyo chanzo cha saa, kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.